Zilipendwa? Hapana: Zinapendwa Sasa Hivi!

Mwenzangu, kaa hapo hapo ulipo, usiondoke, nina jambo la kukuambia na nisipolisema sasa hivi nitapasuka! Nimeingia nyumbani asubuhi hii saa mbili, viatu mkononi, shati limelowa chapachapa, poda nyeupe mpaka kwenye nyusi, masikio bado yanavuma matarumbeta, na miguu, wallahi, miguu imekataa katakata kukubali kwamba muziki umekwisha. Nimejaribu kulala, wapi! Nimejaribu kunywa chai, mguu wa kulia unapiga sakafu chini ya meza, wenyewe tu. Basi nikaona nikuandikie wewe, maana utamu wa namna hii ukiula peke yako ni uchoyo.

Nimetoka kwenye mkesha. Si mkesha wa kanisani, si wa maulidi. Mkesha wa soul! Ukumbi mkongwe wa matofali mekundu, katika mji mdogo nje ya Manchester, kaskazini mwa Uingereza, huko huko ambako muziki huu wanaouita northern soul, yaani soul ya kaskazini, ulipata uhai wake. Mimi nilikuwa nimeusikia kwa mbali tu, kwenye simu, kwenye spika ndogo ya jikoni kwa dada yangu. Nikadhani naujua. Kumbe! Kuusikia kwenye simu ni kunusa pilau la jirani. Jana usiku nimekalishwa mbele ya sinia lenyewe, la moto, linafuka, na nimekula mpaka kucha zimenukia.

Kwanza sakafu. Lazima nianze na sakafu! Shemeji ndiye aliyenipeleka, na mlangoni akanitia mkononi kopo la poda, ile ile ya kupaka watoto. "Shika hii, shemeji, utaihitaji." Poda ya nini dansini? Nikaiweka mfukoni, nikaingia, na mara nikamwona mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, kavaa bugaluu pana, ile ile ya baba zetu wa miaka ya sabini, inapepea kama tanga la jahazi. Akanyunyiza poda kidogo chini, akaisugua kwa soli ya ngozi, taratibu, kama mtu anayetandika mkeka, halafu… jamani! Akateleza. Yaani aliteleza kama samaki majini, huku na huku, mabega yametulia, miguu inaongea, kisha akazunguka kama pia mara moja, mara mbili, mara tatu, akaenda chini kwa mgongo, mkono mmoja ukagusa mbao, akainuka juu kwa mpigo ule ule, na uso wake umetulia kabisa kama mtu anayesoma gazeti. Na bado!

Maana hakuwa peke yake. Ukumbi mzima ulikuwa hivyo! Wazee wenye mvi, mabinti wa miaka ishirini wenye sketi pana za kuzunguka, vijana wenye fulana na taulo ndogo kiunoni, kila mmoja anacheza kivyake na hakuna aliye mpweke. Hakuna anayekuja kukuomba mcheze, hakuna anayekutazama umevaa nini, hakuna wa kukusukuma. Na zile mbao, pana, laini, zilizokomaa kwa miaka, zinadunda! Watu mia wakikanyaga kwa pamoja sakafu inapumua, inapanda, inashuka, unalisikia gitaa la besi kwa nyayo kabla halijafika masikioni. Poda inapanda kwenye mwanga wa taa kama ukungu wa alfajiri. Inanukia usafi, inanukia jasho, inanukia utoto. Nikaitoa ya kwangu mfukoni haraka haraka.

Wimbo wangu wa kwanza kuukanyaga ulikuwa "Out on the Floor" wa Dobie Gray, wa mwaka 1966. Tari linalia, kinanda kinaruka, matarumbeta yanafungua milango, na sauti ya yule bwana imejaa furaha tele, furaha nene, furaha ya mtu aliyeona Ijumaa imefika na mshahara uko mfukoni. Miguu yangu haikuniuliza. Ikaenda! Halafu, katika wimbo uliofuata, muziki ukakatika ghafla, nukta moja tu, na ukumbi mzima, bila mtu kutoa ishara, PA! Kofi moja, mikono mia mbili, mpigo mmoja. Vinyweleo vikanisimama mpaka kisogoni. Hakuna aliyeniambia kwamba hilo linakuja. Mara ya pili lilipokuja nami nikapiga, sawia kabisa, na bibi mmoja mwenye mvi fupi pembeni yangu akanigeukia akatabasamu kama aliyekuwa ananisubiri.

Huyo bibi nitamrudia. Sasa nikueleze kitu kilichonishika moyo na hakijaniachia mpaka dakika hii.

Sisi nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa, sivyo? Redio ikipiga zilipendwa tunajua: hizi watu walizipenda, zikavuma, zikapita. Mimi nilikwenda na neno hilo mdomoni. Nikamwambia shemeji, "Kumbe ni usiku wa zilipendwa!" Akatikisa kichwa. "Hapana, shemeji. Hizi ni hazikupendwa."

Hazikupendwa! Hebu litafune neno hilo. Nyimbo hizi zilirekodiwa Detroit, Chicago, Philadelphia, Los Angeles, miaka ya sitini, na vijana Weusi waliokuwa wakiwania mlango ule ule waliopita Supremes na Four Tops, wengi kwenye kampuni ndogo ndogo zisizo na fedha ya kutangaza. Zikatoka, zikanyamaza. Hazikuuzwa, zikatupwa maghalani. Mwaka 1965 Gloria Jones alitoa "Tainted Love", ikawa upande wa pili wa santuri, na hata upande wa kwanza wenyewe haukwenda popote. Kimya! Miaka minane ikapita, dijei Richard Searling akaichimbua Philadelphia mwaka 1973, akaibeba mpaka kaskazini mwa Uingereza, na vijana wa viwandani wakaichezea mpaka mbao zikalia. Mwaka 1981 kundi la Soft Cell wakairudia kwa vinanda vya umeme ikashika namba moja Uingereza. Wimbo uliokuwa umezikwa! Na Frank Wilson, mwenzangu! "Do I Love You" ya kampuni ya Motown, 1965, santuri zake karibu zote ziliharibiwa, zilizosalia unaweza kuzihesabu kwa vidole, na mwaka 2009 moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Jana ilipopigwa nilidhani dari litaondoka. Mwanzo wake unaingia kama mtu anayekimbia kukupokea stendi, mikono wazi, na huna pa kukwepa!

Na hao waliozipenda walikuwa nani? Watoto wa wafanyakazi! Vijana wa viwanda vya nguo na machimbo ya makaa, wiki nzima kelele za mashine, Jumamosi usiku wanapanda treni na begi la nguo za kubadili. Walianzia klabu ya Twisted Wheel, Manchester, mpaka ilipofungwa mwaka 1971. Waliposhuka London kufuata mpira walipita kwenye duka la Dave Godin, Covent Garden, kuulizia zile za kasi, zile za zamani, na yeye ndiye aliyeupa muziki huo jina la watu wa kaskazini. Kisha mwaka 1973 ikaja klabu ya Wigan Casino: milango inafunguliwa saa nane za usiku, pombe haiuzwi, watu wanacheza mpaka saa mbili asubuhi, kila wiki, mpaka 1981. Hebu fikiri, dansi bila pombe usiku kucha! Sasa naelewa. Mimi mwenyewe jana nilikunywa maji tu, na nililewa.

Haya, sasa njoo kwenye lile lililonifanya niandike kwa herufi kubwa kwenye mkono wangu kwa kalamu, nisisahau. MPYA!

Kiasi cha saa nane na nusu dijei alitoa kwenye kisanduku santuri inayong'aa, mpya kabisa, bado ina ule weusi wa kuku wa Malawi aliyenyeshewa. Nikamsogelea, akaniruhusu niishike kwa kingo. Nyepesi! Baridi! Ndogo kama sahani ya kikombe cha kahawa. Kumbe wanamuziki wa leo bado wanatoa santuri ndogo hizi hizi, kwa ajili ya watu hawa hawa. Akaiweka. Nami nikajiambia, eh, hapa sasa sakafu itabaki tupu, wazee watakwenda kukaa, si wamefuata vya kwao?

Hakukaa hata mmoja!

Ilikuwa Durand Jones & The Indications, "Witchoo", ya mwaka 2021, na besi yake, we acha! Besi nono, tamu, inayobembea, inakuvuta kiuno kama mtoto anayekuvuta kanga kwenda dukani. Yule mzee wa bugaluu akapunguza kasi kidogo, akaifungua miguu, akaogelea ndani yake. Ikafuata "If This Ain't Love" ya Nicole Willis & The Soul Investigators, na kama nisingeambiwa ningeapa ni ya Detroit ya 1967: ngoma zinakimbia, gitaa linakwaruza kwa raha, sauti ina majivuno matamu. Ya 2005! Na imetoka wapi? Helsinki! Finland, kwenye theluji, mwenzangu, dada aliyezaliwa Brooklyn na kikosi cha Wafini! Na bado!

Akaja Jalen Ngonda. Hapo mimi nilisimama. Nilisimama katikati ya sakafu kama aliyeitwa jina. Ile sauti nyembamba, ya juu, safi kama maji ya mtungi, inapanda, unadhani imefika, kumbe inapanda tena! Kijana kutoka Maryland, Marekani, aliyekwenda kusoma muziki Liverpool, kaskazini humu humu, na mwaka 2023 akatoa albamu yake kwa kampuni ya Daptone ya Brooklyn. Unaona mzunguko huo? Nusu karne iliyopita santuri za Wamarekani zilivuka bahari zenyewe, wenye sauti wakabaki kwao bila kujua wanachezwa. Huyu amevuka na sauti yake, akaja kuishi jirani na miguu inayomhitaji.

Daptone ndio waliotuletea Sharon Jones, na hadithi yake nilisimuliwa pale pembeni huku nikijipepea kwa kadi ya mlangoni. Aliwahi kuwa askari magereza huko Rikers Island, New York. Albamu yake ya kwanza na bendi ya Dap-Kings ilitoka 2002, ameshapita miaka arobaini. Ya mwimbaji mwenzake, Charles Bradley, ilitoka 2011, ana miaka sitini na miwili! Wote wawili wametutoka, 2016 na 2017, lakini zilipopigwa sauti zao watu waliinua mikono juu kana kwamba wameingia mlangoni. Nikalikumbuka lile neno la shemeji. Hata wao walikuwa hazikupendwa! Walikaa ghalani wakiwa watu, si santuri, mpaka mtu akaja akafuta vumbi.

Na chumba cha pili! Nilisahau chumba cha pili! Ukishuka ngazi kuna ukumbi mdogo, taa za rangi ya machungwa, na huko kunapigwa soul ya kisasa, ambayo "kisasa" chake kinaanzia miaka ya sabini. Hii ilizaliwa Blackpool, kwenye ukumbi wa Mecca, ambako Ian Levine na Colin Curtis walithubutu kuchanganya nyimbo mbichi za wakati ule na zile za miaka ya sitini, na watu waligombana kweli kweli, Wigan huku, Blackpool kule. Mimi namshukuru kila aliyethubutu! Maana huko chini mwili unapata raha nyingine kabisa. Juu unakanyaga, chini unateleza. Juu moyo unadunda, chini unayeyuka. Nyuzi laini, vinanda vya umeme vinavyometameta, sauti zinazokuegemea begani. Wakapiga "It Really Hurts Me Girl" ya The Carstairs, ya 1973, yenye huzuni nzito inayotembea kwa miguu myepesi, halafu bila kupumua wakaunganisha "You Ain't the Problem" ya Michael Kiwanuka, ya 2019, na zile sauti za kuitikiana zikajaza chumba mpaka kwenye pembe, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu! Watu wakageuka, wakacheka kwa furaha, wakajaribu nao. Kiwanuka, mwenzangu! Jina la Kiganda, mtoto wa wazazi waliotoka Uganda, kazaliwa London, na albamu yenye wimbo huo ikampa tuzo ya muziki ya Mercury mwaka 2020. Nilihisi mtu wa kwetu kanishika mkono gizani.

Ndipo nikakumbuka kwamba muziki huu kwetu si mgeni. Mwaka 1969, Dar es Salaam, soul ilipendwa na vijana mpaka serikali ikaipiga marufuku! Fikiri: wakati vijana wa Manchester wanakesha nayo Twisted Wheel, vijana wa Dar nao walikuwa wanaisakata, mpaka wakubwa wakaona wametekwa. Baba yangu mkubwa alikuwa akisimulia madansi hayo na macho yanang'aa, nami nilikuwa naitikia tu. Jana ndiyo nimemwelewa. Natamani angekuwa pale na bugaluu yake.

Sasa yule bibi. Tulikutana kwenye maji, kama saa kumi. Akaniita mpenzi, kama wanavyoitana watu wa huko hata hawajuani, akaniambia alianza kwenda Wigan ana miaka kumi na sita. Nikamuuliza, je, hizi mpya hazikuudhi? Hutaki zako tu? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema, "Mpenzi, zote zilikuwa mpya. Wakati ule hatukuwa tunajua wimbo una umri gani. Raha ilikuwa kusikia kitu ambacho hukijui." Akanieleza jinsi madijei walivyokuwa wakibandika karatasi juu ya jina la santuri, wanaipa jina la uongo, ili madijei wenzao wasiitafute, na jinsi wachezaji walivyokufa kwa hamu ya kujua ni nani anayeimba. Mwili wangu ukasisimka. Kumbe ndiyo siri yenyewe! Watu hawa hawakuwa wakilinda zamani hata siku moja. Walikuwa wakisaka kipya, ila kipya chao kilikuwa kimelala kwenye vumbi!

Tangu hapo nikasikia usiku wote upya. Ya 1966, ya 2021, ya 1973, ya 2005, zinapishana kama wacheza bao, na miguu haiulizi hata moja cheti cha kuzaliwa. Ya zamani inaifundisha mpya kusimama, mpya inaitia ya zamani damu. Ukitoka kwa Jalen Ngonda ukarudi kwa Frank Wilson, Frank Wilson anasikika kijana. Kijana mbichi! Na bado!

Maana mwisho, lo, mwisho! Wigan walikuwa na nyimbo zao tatu za kufungia, kila mkesha, zile zile: Tobi Legend, Jimmy Radcliffe, Dean Parrish. Dijei wetu akazipiga kwa mpangilio huo huo. Taa zikawaka kidogo. Watu waliimba kwa sauti zilizokauka, wengine wamekumbatiana, wengine machozi yanachirizika kwenye poda, na nje madirishani mwanga wa kijivu umeanza kuingia. Bibi yangu alifumba macho akacheza ya Dean Parrish polepole, karibu amesimama. Nikadhani ndiyo basi. Watu wakaanza kuchukua makoti.

Dijei akaweka moja zaidi.

Hakuna aliyeijua! Tari, besi, pumzi moja ya matarumbeta, sauti ya kike yenye moshi na asali, ya leo kabisa, ya juzi. Koti la kwanza likaanguka chini. La pili. Yule mzee wa bugaluu akarudi kwenye mbao na begi bado liko begani. Na bibi yangu, miaka yake yote hiyo, magoti yake yote hayo, akakimbia, nasema alikimbia, akapasua ukumbi mpaka kwenye meza ya dijei, akainama kusoma jina kwenye santuri inayozunguka. Dijei akacheka, akaifunika kwa kiganja.

Mwenzangu, tafuta soli ya ngozi. Tafuta poda. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inafaa, nimejaribu sasa hivi hapa jikoni. Anza na Dobie Gray, mfuatishe Durand Jones papo hapo, usiache nafasi katikati, halafu unipigie simu, hata iwe usiku wa manane. Mimi siku hizi mbili tatu silali. Ule wimbo wa mwisho bado siujui jina, na nitausaka mpaka niupate!